Jibu kwa Nyemo, Aliyeuliza Apande Nini

Ujumbe wako umeingia saa nne usiku, umeme umekatika,
nikausoma kwa mwanga wa simu yenyewe:
siku tano za likizo, miji ya Uholanzi
imepangana kama vikombe kabatini,
na treni, na mashua za mifereji, baiskeli, gari la kukodi.
Mama, wewe ungepanda nini?

Mimi, mwanangu?
Niliyevuka maji mara moja tu,
mto Bubu, mgongoni kwa mjomba?

Ila nitakwambia la Bahi.
Mwaka ule baba yako alipostaafu ukarani wa reli
aliapa kuiona nchi aliyowakatia wenzake tiketi
miaka thelathini na mmoja.
Akatandaza karatasi mezani, hapa hapa Nkuhungu,
akapiga mistari kwa rula, nauli akaziandika pembeni.
Treni mpya, akasema: unakaa, unafumba jicho, umefika.
Nikamuuliza, umefika, umeona nini?
Akafuta.
Gari la Ndahani: mafuta juu yetu,
dereva juu yetu, wali wa dereva juu yetu,
na Ndahani mwenyewe angetaka kuja, na mkewe, na redio.
Akafuta.
Bodaboda mbili? Akanitazama goti,
nikamtazama tumbo.
Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Basi tukaitoa stoo ile baiskeli nyeusi
iliyobeba magunia ya uwele ya babu yako.
Tukaipakia treni ya zamani, ile inayosimama penye mtu,
tukashuka Kigwe.
Toka hapo yeye kanyaga, mimi nyuma,
kitenge nimekikaza kisije kikalambwa na mnyororo.

Upepo, Nyemo! Upepo wa Agosti hauombi njia.
Na miiba ile unaijua.
Pancha ya kwanza, mama mmoja alitutolea mtindi,
akauliza tunakwenda msiba wa nani.
Tukasema tunatembea tu, kutazama.
Akaita watoto waje watutazame.
Pancha ya pili ilitukalisha kwenye majaruba,
mpunga umeshavunwa, maji yamebaki vidimbwi,
korongo wamesimama mmoja mmoja
kama makarani wanaongoja mshahara.
Ya tatu, gundi imekwisha, tuligombana.
Alisema ningekubali treni mpya. Nikanyamaza.
Kilomita tisa tukasukuma, tumenuniana,
katikati yetu chuma kikilia kwi, kwi,
na mahali fulani, kabla hatujaona mabati ya Bahi,
akaanza kunisimulia habari za mama yake
ambazo hakuwahi kuzitamka tangu anioe.

Kwa hiyo sijui, mwanangu.
Unasema huko nchi ni bapa kama sinia,
njia za baiskeli zimepakwa rangi, mwiba hakuna.
Nakuonea huruma kidogo.
Mvua ikizidi, panda treni,
lakini mji ukikuvuta shati, shuka, tiketi ipotee.
Mashua, uliza bei kabla hujaweka mguu.
Gari waachie wenye haraka zao.
Na ukipata baiskeli yenye kiti cha nyuma
mpakie yule binti unayemtaja
mara moja katika kila ujumbe, kama kwa bahati mbaya.
Kanyaga polepole.
Omba pancha.

Ya baba yako iko pale pale stoo tangu tumzike,
gurudumu la nyuma limekaa chini.
Fundi kauliza mara mbili, nimemwambia aache.
Jana nikitafuta ndoo
kiwiko changu kiligonga kengele.
Kuku wote walitoka mbio.