Antena Mbili

Miaka ishirini na mitatu nilipanda nguzo za simu,
mkanda kiunoni, koleo mfukoni,
nikiunga nyaya za Makadara mvua ikininyeshea.
Leo nimesimama Luthuli, kaunta ya tatu,
nauliza bei ya kitu kisichotaka waya.

Kile cha zamani kilikufa polepole:
taa ya kijani, taa nyekundu, kisha kwikwi.
Ndanu hunukuu mikutano ya watu asiowajua,
wa nchi zilizo macho sisi tukilala.
Usiku huweka kiti mlangoni pa choo,
maana hapo ndipo mtandao hufika
ungali na pumzi.

Abdirashid wa dukani ananitolea cheusi,
antena nane juu, kaa aliyepinduliwa.
"Mzee, hii inapiga mpaka kwa jirani."
Namwambia sina neno na jirani.
Nina kuta tatu za mawe
na chumba cha nyuma.

Nakiweka kiganjani, nakipima:
chepesi mno kwa elfu nane.
Ng'ombe hakamuliwi pembe.

Basi nauliza ninavyojua kuuliza.
Kikiwaka kutwa kucha, hupata homa?
Stima ikipotea na kurudi mara tano,
huamka chenyewe au hungoja kubembelezwa?
Waranti ni ya karatasi
au ya mdomo wako?

Hapo kijana anaacha kuniuzia, anaanza kunieleza.
Kuna wimbi la tano, mbio zake za duma,
ila likifika ukutani linavua viatu.
Kuna la mbili nukta nne, mwendo wa punda,
lakini ukuta hulipita
na mzigo wake mgongoni.

Nikasema: nipe chenye wote wawili, cha bei ya punda.

Akainama chini ya kaunta, akapangusa vumbi.
Antena mbili. Cheupe kilichogeuka rangi ya chai
kwa kukaa sana dirishani.
Elfu mbili mia tisa; tukavutana hadi mia sita,
akaniongezea waya wa bure.
Waya! Nikaukunja kwa mkono uliozoea,
kiwiko, kiganja, kiwiko, kiganja,
akanitazama.

Nyumbani Umoja sikukiweka nyuma ya televisheni
alikozikwa mwenzake.
Nilizunguka na simu mkononi kama mtafuta maji,
sebule, jikoni, chumba cha nyuma,
nikakipandisha juu ya kabati la korido,
mbali na maikrowevu,
nikashuka kwenye stuli kwa uangalifu wa umri wangu.

Kikaniuliza jina.

Kile cha kwanza Syombua alikiita CHAI IKO TAYARI,
ili kila anayerudi, akifika tu ngazini,
simu imkaribishe.
Nikaandika vilevile, herufi kwa herufi.
Na nywila ileile: mwaka tuliponunua shamba la Mwala
na alama ya mshangao,
kwa sababu bei ilitushangaza.

Vikaanza kuingia, kimoja kimoja, bila kuitwa.
Simu yangu. Kompyuta ya Ndanu. Simu ya Ndanu.
Televisheni, ambayo haikosi.
Halafu mstari wa tano:
SYOMBUA.

Miezi kumi na minne.
Simu yake iko kwenye droo, chini ya vitambaa,
na sikujua kuna mtu anayeichaji.

Kuna kitufe cha kufukuza kifaa.
Nilikisoma mara mbili, nikafunga ukurasa.
Mlangoni pa choo kiti kilikuwa kitupu.
Chumba cha nyuma mlango umerudishwa, mwanga chini yake,
na vidole vinagonga, vinagonga,
vikatulia kidogo,
vikaendelea.

Asubuhi Kerubo wa ghorofa ya juu akabisha,
kanga begani, simu mkononi.
"Baba Ndanu, naona chai yako imerudi.
Nywila ni ile ile?"