Matundu Manne

Tulikikuta nyuma ya karakana, Gerezani,
mpapai umeota palipokuwa chumba cha dereva
na kuku wa kota za reli wametaga ndani ya tanuri.
Injinia akasema kila kitu kiingie kwenye orodha.
Basi nikaandika: mayai, saba, mazima.

Fundi Mbwilo akatukanya:
hiki ni kichwa cha treni, si sufuria,
msikigonge kama mnaamsha mlevi.
Akachukua nyundo ndogo ya ratili moja,
akapita ribiti kwa ribiti, sikio ubavuni mwa boila.
Nti. Nti. Nzima.
Nti. Nti. Nzima.
Ndu.
Hiyo weka chaki.
Kufika magharibi boila nzima ina madoa
kama mtoto wa tetekuwanga.

Miezi kumi na minne tulikwangua.
Chini ya kutu, rangi nyeusi.
Chini ya nyeusi, kijani.
Chini ya kijani, damu ya mzee,
na chini kabisa, karibu na ngozi yenyewe,
jina limechorwa kwa msumari: SEFU,
na tarehe isiyosomeka.
Injinia akataka tulipige msasa.
Fundi akasema, mwache Sefu alale.

Vipuri vyake havitengenezwi tena popote.
Bushi tulizichonga kwa shaba ya mhimili wa meli,
geji ikatoka Kariakoo, kwa muuza mashine za kusaga,
naye akaapa ni mpya, huku anaifuta vumbi la unga.
Ng'ambo ya ukuta treni ya umeme inapita,
haina moshi, haina kikohozi,
abiria wake wameinamia simu.

Ila mbele, kwenye paji la uso,
kuna matundu manne ya bolti.
Palikuwa na bamba la shaba njano,
namba ya kichwa na jina la kiwanda.
Kila mgeni huuliza.
Mlinzi hujibu: wauza skrepa, hao hao.
Nami hushika spana
nikakaza kilichokwisha kukazwa.

Ile shaba naijua.
Ililala usiku mmoja mvunguni mwa kitanda changu
ndani ya gunia la mchele, ikinuka grisi, ikinuka baba.
Mwaka ule mshahara ulichelewa miezi mitano.
Baba, Matola Chikumbi, mchochea moto,
aliifungua usiku kwa spana ya shirika.
Alisema: wamenila miaka ishirini na sita,
mimi nimemega tonge moja.
Mizani ya Tandale ikasoma kilo nne na robo.
Kilo nne na robo zikawa ada ya muhula
chuo cha ufundi, Chang'ombe,
na mkono uliojifunza kuchomelea kwa ada ile
ndio huu, unaoziba nyufa za kichwa hiki hiki.

Injinia akasema tufyatue bamba jipya,
tulipake chai lizeeke, nani atajua?
Nikasema shaba imepanda bei.
Fundi Mbwilo akanitazama kitambo.
Alikula mkate mmoja na baba, zamu ya usiku.
Akasema: acheni pengo.
Kinywa hakivishwi jino la mbuzi.

Jumamosi tuliwasha.
Saa tisa za kungoja, mshale wa geji ukipanda
kama mtu mwenye mzigo kwenye ngazi.
Kikaenda mita sita.
Kikasimama. Bomba la kushoto linavuja.
Filimbi ikatema maji, ikakohoa,
kisha ikalia, kidogo tu,
na mwanamke mmoja akatoka kota na mwiko mkononi.

Baba nilimketisha kwenye benchi, kivulini mwa stoo.
Masikio yake yalibaki kwenye tanuri miaka ile.
Kimelia? akauliza.
Nikamwambia kimelia.
Na pale mbele?
Pako wazi, baba.
Akaomba chai.

Jumatatu nikarudi kwenye bomba la kushoto.
Kabla ya kuanza nilichovya kitambaa kwenye oili,
nikayapaka matundu manne, moja moja,
kwa kidole kidogo,
yasije yakala kutu.