Wanaume Saba, Mvulana Mmoja

Kettering, mwaka wa sensa.
Karani alipiga hodi kwa Obadiah Tebbutt, fundi viatu,
akaandika: mwajiri, wanaume saba, mvulana mmoja.
Tone la wino likadondoka juu ya saba.

Leo, ghala la nyaraka lina baridi ya kukata masikio,
nalikagua tone hilo kwa kioo:
saba, au moja?
Moja ni kibanda cha uani.
Saba, jedwali langu huliita kampuni.

Nikaushuka mtaa mzima kwa kidole, nyumba kwa nyumba,
nikiwasaka mafundi viatu wengine.
Wanne tu.
Watatu waliobaki walitoka wapi?
Labda walikuja kwa miguu toka Rothwell.
Labda Obadiah alijikweza mbele ya karani;
nani hapendi kuonekana ana watu?

Halafu Keziah, mkewe. Safu ya kazi: tupu.
Mabinti wawili, Dorcas na Tamar: tupu, tupu.
Kidole kimoja hakivunji chawa, Obadiah.
Zile ngozi za juu
zilishonwa na nani usiku, mshumaa ukilia nta?

Sensa iliyofuata, miaka kumi baadaye:
Keziah Tebbutt, mjane, mwajiri, wanaume watano.
Kazi hiyo aliijulia wapi?
Kitabu hakisemi.

Mkuu wangu anataka tarakimu Ijumaa.
Nimeandika saba.
Kisha pembeni, kwa penseli,
mahali ambapo jedwali halina safu:
watatu.