Kuvu kwenye Lenzi

Kamera niliinunua Mtaa wa Rufiji, kwa fundi saa
aliyenieleza kila kitu isipokuwa kuvu:
doa dogo ndani ya lenzi, kona ya kushoto, juu,
lenye vijimizi kama mto unaotazamwa kutoka angani.
Niliigundua wiki ya pili. Nikaizoea
kama mtu anavyozoea pengo la jino lake.

Siku za kazi nasoma mita za maji, Nyakato mpaka Igoma.
Jumamosi napanda mawe.
Mawe yetu yana miaka bilioni mbili na nusu
na bado yamekaliana kama mizigo iliyotuliwa kwa haraka.
Hakuna aliyeyapanga. Hili nalisema taratibu,
maana mama mwenye nyumba hapendi kuachwa njiani.
"Nani, basi?"
Mvua, namjibu. Jua. Muda.
"Huyo Muda ni mtoto wa nani?"

Shangazi Ng'wasi alipobatizwa kule Igombe
alisema: picha utapiga wewe, mpagani wetu, maana hulipwi.
Nikakunja suruali, nikaingia ziwani hadi magotini,
nikiwaza kichocho.
Mchungaji akasema tufumbe macho.
Watu sitini wakafumba.
Hapo ndipo nilipo mimi siku zote,
mtu mmoja mwenye macho wazi katikati ya amina.
Nimeona wasichowahi kukiona waumini,
yaani wao wenyewe wakiomba:
Bwire wa duka la dawa ameinua kidole gumba, tope lisimwingie;
mtoto anachungulia, ananiona, tunafichiana siri;
na uso wa shangazi, kabla ya maji,
umelegea
kama wa mtu aliyetua debe.
Nikabonyeza. Sekunde moja, igawe kwa mia mbili na hamsini.

Picha ilipotoka, begani kwake palikuwa na weupe.
Ukitaka mabawa, yapo.
Jumapili ikabandikwa mlangoni mwa kanisa.
Kufikia Jumatano watu walikuwa wakivuka Kamanga
kuja kumwona malaika.

Nikaenda. Nikatoa lenzi mbele ya wazee wa kanisa,
nikaimulika kwa tochi ya simu.
Hii hapa. Ni kuvu. Inapenda unyevu wa ziwa,
inakula vumbi na utando wa kioo.
Wakaitazama kwa zamu, kwa adabu,
kama watu wanaoonyeshwa kidonda.
Shangazi aliitazama kuliko wote.
"Haya, kuvu. Na siku ile, kona zote nne zipo,
nani aliiambia ikae upande wangu?"
Nikaanza kueleza habari za uwezekano.
Alikuwa ameshanimiminia uji.

Usiku ule, Pasiansi, umeme umekatika,
nikafungua daftari la hadithi zangu zisizosomwa na mtu.
Mwaka elfu mbili mia tatu tisini na moja.
Ziwa limekauka tena, kama lilivyowahi kukauka
kabla halijapewa jina lolote,
na chombo kinatua pale palipokuwa kisiwa cha Saanane.
Wageni hawana macho.
Wamefuata kuvu waliyoituma zamani,
mbegu nyepesi ivuke giza,
itafute vioo, iote ndani yake,
iwaonee.
Kurasa nne, mshumaa mmoja.
Kisha nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu:
kwenye doa lilelile shangazi alimwona mmoja,
mimi nimeshaona taifa zima.

Tofauti ipo, na nitaitetea popote:
mimi najua kwamba nimetunga.

Lenzi nimeifukia kwenye mchele, ikauke.
Fundi anasema ataisafisha kwa elfu ishirini,
kazi ya nusu saa, hata alama haitabaki.
Wiki ya tatu sasa napita dukani kwake na pesa mfukoni.
Naulizia saa za ukutani, bei zake, zilikotoka.
Naaga.