Fungu la Mudoma

Kwenye kola ya shati langu waliandika 17,
kwenye kikombe 17, kwenye mswaki,
ili vitu vikipotea vijue pa kurudi.
Jina langu, Wandeba, lilikaa ofisini
ndani ya faili, likisubiri wageni.

Wageni walikuja mvua zikikatika,
Wanale ikiwa bado inachuruzika maji.
Nilikuwa wa kwanza getini, mikono juu:
nibebe.
Yeyote. Mwenye ndevu, mwenye miwani, hata dereva wao.
Wakasema, huyu mtoto ana furaha jamani!
Wakaandika hivyo kwenye kitabu cha wageni.
Wiki mbili, halafu gari likageuza,
nami nilikuwa nimekwisha jifunza kutolipungia mkono.

Usiku Mama Nambozo alikuwa mmoja
na sisi thelathini na mmoja.
Hesabu hiyo haikubali, hata uigeuzeje.
Mudoma, kitanda 16, aligonga kichwa ukutani,
taratibu, du, du, du,
mpaka usingizi umhurumie.
Niliizoea kama wengine wanavyozoea saa.
Asubuhi moja tukakuta shuka jipya kitandani kwake.
Hakuna aliyetuambia kitu. Uji siku hiyo ulikuwa na sukari.
Usiku nikagonga mimi.

Sasa nina mlango wangu, Namakwekwe,
na ufunguo wake mfukoni, naupapasa mara kwa mara.
Khainza ameacha kuuliza
kwa nini kuna nusu chapati ndani ya foronya,
kwa nini akichelewa sokoni
anarudi na kukuta jiwe limevaa shati langu.
Akinikumbatia nahesabu kimoyomoyo;
nikifika kumi na saba, namwachia.

Mshauri kule hospitali, binti mdogo tu,
aliniuliza: mara ya mwisho ulilia lini?
Nikamjibu kwa fahari kidogo:
sisi kule tulikuwa watoto wazuri,
hata vichanga havikusumbua mtu.
Akaiweka kalamu chini.
Sikujua nimesema nini.

Jana usiku mwanetu alilia.
Si njaa, si homa, si nepi.
Alilia kama mwenye nyumba anayedai kodi,
hana shaka kwamba ndani kuna mtu.
Nikasimama juu yake gizani, nimeduwaa:
siku arobaini tu duniani,
nani amemfundisha
kwamba ukiita, unajiwa?

Nilitaka kumwambia anyamaze.
Ulimi ulikuwa tayari, na sauti
haikuwa hata yangu.

Mbebe basi, akasema Khainza kutoka kitandani,
nusu usingizini, kama anayesema funga dirisha.

Nikambeba. Hakunyamaza.
Alinilowesha bega mpaka kwenye kola,
nami nikatembea naye, mlangoni, jikoni, mlangoni,
nikimnong'oneza: lia.
Lia baba, bado kuna usiku mwingi.
Ukimaliza la kwako
lia na fungu la Mudoma.