Keti Nyuma

"Keti nyuma," alisema daktari wa meno, Glasgow,
kwa Kiingereza chake cha haraka.
Nikainuka na pochi yangu, taya limevimba,
nikaenda kuketi kiti cha nyuma kabisa,
kando ya tangi la samaki.
Alicheka hadi barakoa ikamteleza.

Senga, jirani wa chini, ndiye aliyenifafanulia:
"Egemea, Daiva. Legeza mabega. Waachie wengine kazi."
Akaniegemeza kwenye sofa lake,
chai mkononi, miguu juu ya kigoda.
Nikasinzia. Tangu niondoke Kaunas sijasinzia hivyo.

Januari boila ikafa. Wiki tatu.
Ukungu mweusi ukapanda ukutani kwa mtoto wa ghorofa ya nne;
kikohozi chake kilitufikia kupitia mabomba.
Senga akavaa koti, akanigongea:
"Mimi siwezi kuketi nyuma nikitazama."

Maneno yaleyale mawili!
Nikasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni,
nikauliza: sasa aliyeegemea ni nani,
sisi, au mwenye nyumba?

"Utaniuliza njiani," akasema.
"Vaa kiatu cha pili."