Gitaa la Sauti Nene

Fundi Mihayo wa Isevya aliniuliza mara mbili:
"Shingo ndefu hivi, wataka gitaa au mpini wa jembe?"
Nikamwambia, pima tena, ongeza vidole vinne.
Mninga ulikuwa ubavu wa kitanda cha shangazi,
na nyuzi nene zilikuja na basi kutoka Mwanza,
zimeviringwa ndani ya bahasha kama barua ya posa.

Miaka yote kwayani nilisimama nyuma, na wanaume.
"Kalunde, usiimbe kama trekta."
Nalo gitaa la kawaida likinipandisha ngazi,
nikaimba kwa ncha za vidole vya miguu
mpaka koo likawa na ladha ya sarafu.

Sasa nashusha. Uzi unalegea, unalegea,
halafu unakaa
kama ng'ombe akaavyo: magoti kwanza.

Si besi. Besi ina mkokoteni wake wa kusukuma.
Hili lina maneno, ila huyasema
kama mtu aliyekwisha kula,
asiye na haraka ya kuaminiwa.
Napiga mara moja, nangoja. Sauti haikatiki,
inavutika kama asali ya Sikonge asubuhi ya Juni,
inaingia uvunguni, inagusa ndoo,
inarudi kifuani mwangu kupitia ubao.
Siwadanganyi, vidole vinauma.
Pingili zimeachana mno, kile kidogo
hunyoosha shingo kikakosa, kikakosa tena.

Mama Nkingwa wa chumba cha pili,
yeye aliyezoea kugonga ukuta kwa mwiko,
jana alisimama mlangoni ameshika kikombe na kisahani.
"Hebu ile. Siyo hiyo. Ya chini yake."
Nikaigusa.
Kikombe kikatetema, ting'i-ting'i, peke yake,
sauti nyingine zote kikiwa kimenyamaza.
Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye khanga.
"Tena," akasema. "Kinanijibu mimi au wewe?"

Usiku treni ya Kigoma ilikawia stesheni,
injini ikinguruma bila kwenda popote.
Nilikuwa nimeliegemeza gitaa ukutani, taa nimezima.
Nikasikia uzi wa sita ukivuma, taratibu,
na hakuna aliyeugusa.
Nikaweka kiganja juu ya mninga,
sikupiga kitu.
Nikaiachia treni zamu yake.